Mkwe, Mabati na Ekses ya Upepo

3 Aprili
Mvua ya kupanda imefika. Nimepanda mahindi leo, mimi wa kwanza upande wetu wote huu wa nyuma ya Kapsoya, kama kila mwaka. Jirani yangu Shitanda bado anatazama juu kama kuku anayemeza maji. Mimi sitazami juu. Nimeandika mvua tangu nilipomaliza ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, na mtu anayeandika mvua hana haja ya kuibembeleza. Hata bwana shamba huja kuniuliza mwaka jana ilianza lini. Amesoma chuo, yeye. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na wajukuu.

7 Aprili
Shitanda amepanda leo. Amechelewa.

12 Aprili
Felix amekuja. Huyu ndiye aliyemwoa Faith, msichana wangu wa kwanza. Alikuwa mwalimu katika shule ya mtu binafsi, mshahara ukakataa kuja, sasa anauza bima. Alivaa tai na viatu vya kuchongoka na akakanyaga mavi ya ng'ombe pale mlangoni kwa sababu watu wa tai hawaangalii chini.

Akaniambia habari ya bima ya nyumba. Moto, wezi, upepo, mvua ya mawe, kampuni inalipa. Nikamuuliza kama Shitanda ameweka. Akasema hapana. Nikamwambia niandikie.

Akauliza, "Baba, nyumba niandike ni ya bei gani?"

Fundi aliyejenga alisema milioni tatu. Lakini fundi ni mtu wa kuona mawe tu, haoni nyumba. Nyumba yangu iko na vyumba vitano, mabati nyekundu ya kiwandani, na veranda ambayo hata chifu akija hapendi kuondoka. Nikamwambia andika sita.

"Ukiandika sita, Baba, utalipa zaidi kila mwaka."

"Kwani nimekuambia sina?"

Karatasi zenyewe ni Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Felix akawa anasoma mbele mbele akinigeuzia kwa Kiswahili. Akafika mahali akakohoa. "Baba, hapa kuna mambo ya upepo. Upepo ukibeba mabati ya nyumba yako..."

Nikainua mkono. Kwetu mkwe haketi kwenye kiti cha baba mkwe akataja nyumba yake ikianguka. Huko ni kumwombea mabaya. Hata Rosebella, mke wangu, aliweka birika chini. Nikamwambia, "Kijana, kama umekuja kubomoa nyumba yangu kwa mdomo, funga mdomo." Akainamisha macho, akafungua ukurasa mwingine. Nikaweka sahihi yangu, ile ya herufi za kuungana.

Ana adabu. Nimemsifu kwa Rosebella baadaye.

13 Aprili
Mvua.

2 Mei
Mahindi yangu yamefika kwa goti. Ya Shitanda yako kwa kifundo. Nilimpata kwa ua anafunga fito.

"Shitanda, nyumba yangu sasa iko na bima."

"Bima inakamuliwa saa ngapi, Mzee?"

"Hata ikibebwa na upepo wananiwekea ingine."

"Basi ibebwe tuone." Akacheka mpaka mapengo yote yakaonekana. Huyu alitoka Kakamega kufanya kazi kiwandani, kiwanda kikafungwa, akanunua hapa kipande cha kutosha kuzikwa. Nyumba yake ni ya udongo, mabati ya mitumba, juu ameweka mawe na matairi ya lori. Nimemwambia mara nyingi inaaibisha mtaa.

17 Mei
Mvua. Mvua. Nimetia mbolea ya kukuza.

6 Juni
Ng'ombe mmoja anakohoa. Nimempa dawa.

19 Juni
Naandika nikiwa jikoni kwa Rosebella, kile kibanda cha nje, kwa sababu nyumba haina paa.

Saa nane mchana kulikuwa na jua la kuuma. Nikajua. Jua likiuma hivyo mwezi huu kuna kitu linaficha. Nikamwambia Rosebella aingize nguo. Wingu likatoka upande wa mtoni, si jeusi, la kijani kama maji ya bwawa, na upepo ukaja mbele yake. Sijapata kuona upepo wa namna hiyo na nimeishi. Haukuvuma, ulisukuma. Mlango wa veranda ulifunguka wenyewe, ukaingia ndani, ukainua mabati kutoka chini. Niliona kwa macho yangu paa langu likipumua. Juu, chini. Juu, chini. Halafu ikasikika kama lori linamwaga vyuma, na sebule yangu ikawa na mbingu.

Hapo ndipo mawe yalishuka. Mawe ya barafu kama mayai ya kuku. Rosebella aliingia chini ya meza ya chakula, mimi nikamfuata, nikavuta godoro juu yetu. Yeye anaomba, mimi namwambia aombe kwa sauti kubwa kidogo kwa sababu mawe yana kelele. Kochi zikajaa barafu. Televisheni ikapasuka. Picha yangu na mkuu wa wilaya wa zamani ikaanguka uso chini.

Ilipoacha nikatoka. Mahindi yamechanwa kama nywele za mwendawazimu. Mabati yangu nyekundu mengine yako shambani kwa Shitanda yamekunjika kama karatasi ya chapati, mengine hata sijui yako wapi, labda Kapsoya yamempata mwenye bahati. Na nyumba ya Shitanda, ile ya aibu, imesimama. Tairi moja tu limeanguka.

Shitanda akaja mbio bila viatu. Nilidhani anakuja kucheka. Akauliza, "Mama yuko mzima?" Akambeba Rosebella begani mpaka jikoni.

Sikumshukuru. Nilimwambia tu, "Usijali, niko na bima."

20 Juni
Felix alifika kabla ya chai. Alipiga picha. Hakusema maneno mengi. Nilidhani ni heshima.

24 Juni
Kampuni imetuma mtu wa kukadiria hasara, anaitwa Ronnie, kijana wa kutafuna chingamu. Alirusha ndege ndogo ya kamera, ng'ombe wakakimbia.

"Mzee, hii paa ilikuwa na miaka mingapi?"

"Wewe una mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Basi paa langu limekuzidi adabu, lilikuwa halitafuni mbele ya watu."

Alicheka. Akasema kutengeneza ni kama laki nne na nusu hivi, na mambo mengine atayajua Madam ofisini. Nikamwambia Shitanda juu ya ua: laki nne na nusu. Nilisema kwa sauti ili mke wake asikie pia.

3 Julai
Hakuna neno. Mvua kila jioni. Tunalala jikoni. Moshi.

6 Julai
Rosebella anakohoa kama yule ng'ombe. Ng'ombe amepona.

9 Julai
Leo nimejua ekses.

Nilienda mjini mwenyewe, nimevaa koti langu la kanisa. Ofisi ya hiyo kampuni iko ghorofani, lifti imekufa, nikapanda ngazi bila kupumzika na msichana wa mlangoni alikuwa anahema kuniangalia. Wakanipeleka kwa Madam Musimbi, mama wa miwani, anashughulikia madai. Si mtu mbaya wa uso. Akanipa maji ya chupa. Mtu akikupa maji ya chupa kabla hujaomba, jua anakutayarisha.

"Mzee Birgen, dai lako limeangaliwa. Kwa bahati mbaya malipo ni sufuri."

Nilidhani sufuri ni neno la Kiingereza la kitu kingine.

Akanieleza. Wizi una ekses ndogo. Moto una ekses ndogo. Hiyo ekses ni sehemu ya hasara ambayo mwenye nyumba anabeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa kitu. Lakini upepo na mvua ya mawe viko na ekses yao peke yao: asilimia kumi. Nikasema sawa, kumi ya laki nne na nusu, itoeni mnipe inayobaki. Akavua miwani.

"Si kumi ya hasara, Mzee. Ni kumi ya bei ya nyumba yote. Nyumba imeandikwa milioni sita, ekses yako ni laki sita. Hasara haijafika hapo."

Nikamuuliza mara mbili, sikuamini kwamba mtu mzima anaweza kutamka hivyo na asitapike. Kwa hivyo upepo ukibeba paa wanasema ni kidogo, na ukibeba nyumba yote ndiyo waje? Na kwa sababu niliandika nyumba kubwa, ndiyo shimo langu likawa kubwa? Akasema, "Ndiyo hivyo imeandikwa, ukurasa wa kumi na nne." Akanionyesha. Mayai ya chawa.

Nilishuka ngazi nikiwa na ladha mdomoni kama nimelamba betri. Nimelipa. Nililipa mbele ya tarehe! Na hawa wamekaa ghorofani na maji yao ya chupa wakijua tangu siku ya kwanza kwamba katika nchi hii ya mvua ya mawe hawatalipa mvua ya mawe.

Felix nitamkanyaga.

10 Julai
Sijalala. Shitanda ameuliza, "Mzee wa bima, mafundi wanakuja lini?"

14 Julai
Baada ya ibada watu walisimama nje ya kanisa wakilia habari ya mabati. Mwaka huu mawe yalipiga eneo lote. Nikasema yangu, ingawa sikupenda. Nikadhani watanicheka. Chelimo, yule mjane wa karibu na soko, akasema hata yeye sufuri. Mzee wa kanisa mwingine sufuri. Mwalimu wa watoto sufuri.

Nikauliza, "Wewe Chelimo ulisomewa hiyo ekses?"

"Nisomewe na nani? Aliyeniuzia ni mtoto wa dada yangu. Ningeanzaje kumwambia mtoto niliyembeba mgongoni asome kila mstari? Si angesema simwamini?"

Mzee wa kanisa aliuziwa na mkwe wake. Mwalimu aliuziwa na kijana wa mchungaji. Nikazunguka nikiuliza, na kila mtu alikuwa ameuziwa na mtu ambaye hawezi kumhoji, na huyo muuzaji hawezi kumtajia mabaya. Hapo nilianza kuona kitu. Bado sijui kukiandika vizuri.

16 Julai
Felix na Faith wamekuja. Nilikuwa nimetayarisha maneno, nimeyapanga kama kuni.

"Kwa nini hukunisomea habari ya upepo?"

Akatazama chini kama siku ile.

Faith ndiye alijibu, na Faith ana mdomo wangu. "Baba, si alianza? Mama alikuwako. Ulimwambia afunge mdomo."

Nikamwambia Faith hii ni habari ya wanaume. Rosebella akasema kutoka kwa moto, akikohoa, "Basi wanaume waseme."

Felix akasema pole pole. Walipoingia kazini walifunzwa wiki moja. Mwalimu wao aliwaambia waandike majina ya jamaa wote, hasa wale ambao wakija na karatasi hawawezi kufukuzwa: baba mkwe, shangazi, waliokusomesha, wazee wa kanisa. Anzeni na hao, akasema, wanaweka sahihi haraka. Na ule ukurasa wa kumi na nne? Wakaambiwa lazima wausome, ndiyo kanuni, kisha watie alama pale penye "mteja amesomewa na ameelewa". Kijana mmoja akauliza, na mzee akikataa kusikia? Mwalimu akacheka. Akasema, "Tieni alama. Mzee asiyetaka kusikia ndiye mteja mzuri."

"Na wewe ukatia alama."

"Nikatia, Baba."

Nikatoka nje nikasimama na ng'ombe. Ng'ombe hawana tai.

17 Julai
Mvua.

22 Julai
Madam Musimbi amepiga simu. Nilikuwa nimemwachia malalamiko, niliandika mwenyewe, ukurasa mzima, Kiswahili. Anasema kampuni imekubali kunisikiliza. Kanuni yao yenyewe inasema ekses ya upepo lazima mteja asomewe kwa lugha anayoelewa. Kama hakusomewa, kampuni inalipa kana kwamba haipo. Yote. Laki nne na nusu.

"Kwa hivyo Mzee utakuja utujibu swali moja tu. Agenti alikusomea, ndiyo au hapana. Ukisema hapana, tunalipa."

"Na yeye?"

"Yeye tutamwachisha, na jina lake litapelekwa kwa kampuni zote, asiuze bima popote."

Nilisema asante. Nikaona paa langu tayari, nyekundu. Nikaona hata uso wa Shitanda.

23 Julai
Jibu ni hapana. Hakunisomea. Ni ukweli mtupu. Alianza, lakini kuanza si kusoma. Mtu akianza kukuvusha mto akakuacha katikati, amekuvusha?

24 Julai
Rosebella amekohoa usiku kucha. Hasemi kitu. Angesema ingekuwa afadhali.

25 Julai
Felix alikuja peke yake, bila tai. Alinikuta nachonga mpini wa jembe.

"Baba, ukienda kule Jumatatu sema sikukusomea."

Nikasimamisha panga. "Unajua watakufanya nini?"

"Najua. Lakini ni kweli sikusoma. Na Mama hawezi kumaliza mvua hii kwenye moshi."

"Na watoto wako watakula nini?"

"Nitatafuta. Nilitafuta kabla ya hii."

Nimemfahamu huyu kijana miaka tisa na hii ndiyo mara ya kwanza amenitazama usoni. Nilikasirika. Mtu anakuja kukupa shingo yake uikate, na wewe kweli umeshika panga. Nikamwambia aende nyumbani.

Nilikuwa nampenda zaidi nilipokuwa namdharau. Ilikuwa rahisi.

29 Julai
Nimetoka huko. Naandika nikiwa bado na koti.

Tulikuwa watatu kwa meza: mimi, Felix, Madam Musimbi na kalamu yake. Maji ya chupa tena. Sikunywa.

"Mzee, ni swali moja. Huyu agenti alikusomea kipengele cha ekses ya upepo?"

Felix ametazama meza. Nilifungua mdomo kusema hapana. Lilikuwa hapo, kwenye ulimi, limeoga. Badala yake nikauliza, "Nikisema hapana yeye anafukuzwa. Ninyi mnafanywa nini?"

"Sisi?"

"Ninyi. Kampuni."

"Sisi tutakuwa tumekulipa, Mzee."

"Mtanilipa mimi. Chelimo je? Mzee wa kanisa je?"

"Kila mmoja dai lake, Mzee. Ndiyo au hapana?"

Hapo ndipo niliona vizuri kile nilichoanza kukiona kule kanisani. Hawa watu hawakuwa na haja ya kuficha chochote. Waliandika yote. Wakatunga na kanuni kwamba lazima isomwe, kanuni nzuri kabisa, hata mimi ningeiweka. Halafu wakatafuta ni nani katika nchi hii hawezi kuisoma mbele ya nani, wakamtuma huyo. Walichukua heshima yetu wakaifanya pazia. Na pazia likiraruka, wanasema Felix ndiye alilishona.

Nikasema, "Andika. Alianza kusoma. Mimi nilimkataza."

Kalamu ikasimama. Felix akasema, "Baba—" Nikamwambia anyamaze, halafu nikakumbuka kunyamazisha ndiko kumetufikisha hapa, nikamwambia, "Sawa, sema."

Madam akamtangulia, akavua miwani. "Mzee, unaelewa kwamba ukisema hivyo unajitoa kwenye malipo? Mteja akikataa kusomewa, inahesabika alikubali."

"Naelewa. Na hii ni mara ya kwanza mtu wa kampuni yenu ananionya kabla ya kunigonga."

Nikamwambia yote. Sikupiga kelele, sauti yangu ni kubwa tu. Nikamwambia kwetu mkwe hataji nyumba ya baba mkwe ikibomoka, na mwalimu wao alilijua hilo ndiyo maana akasema waanze na wakwe. Nikamwambia kama walitaka nisikie wangemtuma mtu asiye wangu. Wangemtuma yule Ronnie, yeye hana aibu, angenisomea kurasa zote akitafuna. Mimi ningemfukuza, sikatai, lakini angekuwa amesoma.

Akasikiliza yote. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Mzee, hayo ni mambo ya watu wa mauzo. Mimi ni wa madai."

Mate yalijaa mdomoni. Kama si kapeti lao ningetema.

5 Agosti
Jibu limekuja. Dai limekataliwa kwa sababu mteja alikataa kusomewa. Felix naye amefukuzwa kwa sababu alitia alama kwamba mteja alisomewa.

Nimesoma mara tatu. Ukweli mmoja, nimewapa mimi mwenyewe, wameula pande zote mbili.

6 Agosti
Faith hakuja. Simlaumu.

11 Agosti
Chelimo na wengine wanapeleka malalamiko Nairobi, kwa ofisi ya serikali ya kusimamia bima. Waliniomba niandike ya kwanza kwa sababu mimi naandika. Niliandika. Nikawaambia kila mmoja aseme pia kile alichokataa kusikia, asifiche. Chelimo hakufurahi. Alisema, "Mzee, unataka tushtaki au tuungame?" Lakini ameandika. Kama watajibu sijui. Ofisi ni ofisi.

20 Agosti
Mvua ya mawe tena, ndogo. Mahindi yaliyobaki hayakuumia. Rosebella amepelekwa kliniki, wamesema ni moshi. Ati nimtoe kwenye moshi. Nilimwambia daktari hata mimi nina macho.

2 Septemba
Nimeamua. Nimetoa mabati ya boma la ng'ombe. Yana kutu na yana matundu ya misumari ya zamani lakini yatafunika vyumba viwili. Ng'ombe watanyeshewa, wana ngozi.

Shitanda alinikuta nayabeba. "Mzee, leo ng'ombe ndio wamekukopesha?"

"Wamenikopesha bila ukurasa wa kumi na nne."

Akacheka, safari hii nami nikacheka, kicheko kibaya. Akaleta matairi mawili ya lori ya kuweka juu. Nikamwambia yanaaibisha mtaa. Nikayachukua.

4 Septemba
Fundi ameniomba pesa ambazo zingenunua fundi mzima. Nimemfukuza. Nikapanda ngazi mwenyewe. Goti likakataa katikati. Rosebella alilia nishuke, nikashuka, ingawa ningeweza.

7 Septemba
Felix alikuja asubuhi, na shati ya kazi. Sasa anasaidia mtu wa kuuza mbolea kule Langas, anabeba magunia. Mikono imeanza kuwa mikono. Alisimama nje ya boma, akapiga hodi kama mgeni.

"Baba, nimesikia ulipanda ngazi."

"Nani amekuambia?"

"Mama alipigia Faith."

Akaangalia ngazi, akaangalia paa. Nilijua anafikiri nini, kwa sababu hata mimi ndilo nililofikiri. Mkwe hapandi juu ya nyumba anamolala mama mkwe wake. Sijui mtu hata mmoja ambaye amewahi kufanya hivyo. Babu yangu angelaani ngazi yenyewe. Rosebella akasimama mlangoni mwa jikoni, akatutazama wote wawili, halafu akaingia akageuza kiti chake kuangalia ukuta. Hakufunga mlango.

Nikashika ngazi. "Panda."

"Baba..."

"Kijana, mimi ndiye nimesema. Panda."

Akavua viatu, akapanda. Nilishika ngazi kwa mikono yote miwili. Akapiga magoti juu ya kuta za nyumba yangu ya milioni sita, akaanza kugonga mbao na nyundo, moja moja. Halafu akaacha kugonga. Nikasikia jinsi alivyonyamaza. Ni kunyamaza ninakokujua sana.

"Unaona nini huko?"

"Ni sawa tu, Baba."

"Felix. Unaona nini?"

Upepo ulikuwa unapita, wa kawaida.

"Hii mbao imeoza, Baba. Haikuoza mwaka huu. Imeoza zamani."

"Endelea."

"Na hii ya pembeni haikushikwa na waya. Fundi alipiga misumari tu. Hata upepo mdogo ungeibeba."

"Endelea."

"Ukuta wa huku umepasuka kutoka juu. Ufa unashuka mpaka kwa dirisha la Mama."

Nikaishika ngazi vizuri zaidi.

"Endelea," nikamwambia. "Taja yote."